Mpaka Ukipata Joto

Kwenye meza ninayoandikia kuna nusu ya puli. Ni ya aluminiamu, upana wake kama sahani ya ugali, na pale ilipovunjika pamekwaruza kama mkate mkavu uliomeguliwa. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona, kwenye kitovu kinachoshika shafti, shimo linaloweza kumeza ncha ya kidole gumba. Hakuna mtu aliyelitoboa. Lilizaliwa pamoja na puli, ndani kabisa. Kwa nje puli ilikuwa imepigwa tupa na msasa mpaka inang'aa, na hata wewe ungeinunua.

Ilinunuliwa. Ikafungwa kwenye poshomili katika soko moja dogo upande wa Bomet, ikazunguka miezi mitatu hivi, halafu asubuhi moja ikapasuka. Kipande kikaruka na kumpiga kijana aliyekuwa akimimina mahindi. Kilimvunja mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunji sawasawa. Ana miaka 19.

Puli ilitengenezwa na anko wangu, ndugu ya mama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja: kosa ni la nani? Nilidhani kompyuta ingenijibu, na kwa namna fulani ilinijibu, ila si kwa jibu nililokuwa nimeenda kutafuta.

*

Karakana ya anko iko nje kidogo ya Litein. Ni mabati juu ya nguzo, na ukisimama mlangoni unaona chai mpaka macho yachoke. Anakusanya skrepu: pistoni za matatu, sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha. Anaziyeyusha kwenye chungu cha chuma juu ya makaa, feni ikipuliza kutoka chini. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selisiasi. Anko hana kipimajoto. Anatazama rangi, anakoroga, anasikiliza.

Pembeni kuna kalibu, yaani mchanga wenye udongo na maji kidogo, ulioshindiliwa ndani ya fremu mbili za mbao. Anko hupima mchanga kwa kuuminya kwenye kiganja. Ukibaki na alama za vidole bila kumomonyoka, uko tayari. Halafu anafukia puli ya zamani kama sampuli, anaitoa polepole, na kinachobaki mchangani ni nafasi tupu yenye umbo la puli. Hapo ndipo anapomwaga. Kamusi ina neno zuri la kazi hii, kusubu, lakini sijawahi kumsikia anko akilitumia. Yeye husema tu, "Leo tunamwaga."

Sasa hapa kuna jambo ambalo kila mtu wa kazi hii analijua. Metali ikiganda husinyaa. Aluminiamu safi hupoteza kati ya asilimia 6 na 7 ya ujazo wake inapotoka kuwa majimaji hadi kuwa gumu. Ukimwaga lita moja, kuna ujazo wa karibu kikombe kidogo cha kahawa ambao utatoweka, na lazima utoweke mahali fulani. Sehemu nyembamba huganda kwanza, na zinapoganda hunyonya majimaji kutoka kwa jirani zake nene. Sehemu nene huganda mwisho, na yenyewe haina tena jirani wa kumnyonya. Basi inabaki na shimo.

Mwaka 1940 mhandisi mmoja, Nicolas Chvorinov, alichapisha kanuni rahisi ya jambo hili. Chukua ujazo wa kitu, ugawanye kwa eneo la ngozi yake ya nje, kisha ulizidishe jibu kwa lenyewe. Muda wa kuganda unafuata hesabu hiyo. Ukikuza kitu maradufu kila upande, hakigandi kwa muda maradufu. Kinachukua mara nne.

Hiyo kanuni nilifundishwa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo. Mwaka wa tatu karo ikanishinda nikarudi nyumbani, lakini kanuni haikubaki chuoni. Nilikuja nayo.

Na hapo ndipo tumbo langu hukaza. Siku niliyoenda kuchukua ile puli, niliishika mkononi nikaona kitovu ni kinene mno kwa ukingo mwembamba namna ile. Nilikumbuka Chvorinov. Wazo lilipita kichwani kama matatu isiyosimama stejini: hapa katikati pataganda mwisho, je, pako sawa? Sikusema neno. Nilikuwa na haraka, puli ilikuwa inang'aa, na aliyeitengeneza ni mtu aliyeanza kumwaga kabla sijazaliwa. Mimi ni nani nimuulize?

Kuna insha ya mwaka 1877 ya mwanahisabati Mwingereza, W. K. Clifford, kuhusu maadili ya kuamini. Anatupa mfano wa mwenye meli. Meli yake imezeeka, ana wasiwasi nayo, lakini anaituliza roho yake kwamba imesafiri mara nyingi ikarudi salama. Anaiacha iondoke na abiria. Inazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vyao ingawa aliamini kwa dhati kwamba meli ni nzima, kwa sababu imani hiyo hakuipata kwa kuchunguza, aliipata kwa kuizima shaka yake. Halafu anaongeza kitu kigumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua.

Niliposoma hayo nilijiona. Shaka yangu ilidumu sekunde tatu, na niliizima mwenyewe.

*

Basi baada ya ajali nikafanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilipakua OpenFOAM, programu ya bure inayotumika duniani kote kukokotoa jinsi vimiminika na joto vinavyosafiri. Laptopu yangu ni ya zamani, feni yake inalia kuliko ya anko. Nilichora nusu ya puli, maana pande zote mbili zinafanana, nikaizungushia mchanga, kisha nikaiachia mashine.

Wazo lenyewe si la uchawi. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu joto, akaonyesha kwamba joto hutoka palipo moto kwenda palipo baridi kwa kasi unayoweza kuikokotoa. Kompyuta inalikata lile umbo kuwa vijisanduku vidogo maelfu kwa maelfu. Kila kijisanduku kinawauliza majirani zake: nyinyi mna nyuzi ngapi? Kinapokea au kinatoa joto kidogo, saa inasogea kipande cha sekunde, kinauliza tena. Ni kama kijiji ambacho kila mtu anaongea na jirani yake tu, na bado habari inafika mwisho wa kijiji. Mwaka 1965 huko Marekani, Henzel na Keverian wa kampuni ya General Electric walitumia kompyuta kwa njia hii kukisia jinsi vipande vikubwa vya chuma cha pua vinavyoganda. Leo viwanda vikubwa vya kusubu hutumia programu kama MAGMASOFT, kutoka Aachen, Ujerumani, kuiona metali ikiingia, ikizunguka kona, ikipoa, kabla tone moja halijamwagwa.

Mtiririko wa kumwaga sikuujaribu, laptopu ingekata roho. Nao una maana kubwa. John Campbell wa Chuo Kikuu cha Birmingham alionyesha kwamba aluminiamu ikiingia kwenye kalibu kwa kasi inayozidi takriban nusu mita kwa sekunde, uso wake unajikunja na kumeza utando wake wenyewe, na mikunjo hiyo inabaki ndani kama nyufa. Mimi nilianza na kalibu ambayo tayari imejaa, nikaangalia joto peke yake.

Niliiwasha saa tatu usiku. Alfajiri, wachumaji wakipita na vikapu mgongoni, picha ilikuwa tayari. Ukingo ulikuwa wa buluu, mikono ya puli kijani, na katikati, kwenye kitovu, doa jekundu la mwisho. Nililiweka shimo la kweli kando ya skrini. Mahali ni palepale.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Ni aibu kidogo kuandika hivyo, mtu amevunjika mkono na wewe unafurahia rangi. Lakini nilihisi nimepata hukumu. Ilijulikana. Ilikuwa inaweza kujulikana. Na kama jambo linaweza kujulikana kwa usiku mmoja na programu ya bure, basi kutolijua kumeacha kuwa bahati mbaya.

Hiyo hoja bado naiona ina nguvu, ila ina tundu lake. Inaweza kujulikana na nani? Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari la Kenya, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa. Hayakufika sokoni, lakini mradi huo uliacha nyuma Numerical Machining Complex, pale kwenye karakana za reli Nairobi, mahali ambapo mchoro wa kompyuta na tanuri vimewekwa katika uwanja mmoja. Mhandisi akikosea anatembea hatua chache kwenda kuliona kosa lake. Kati ya anko na mchoro wa namna hiyo kuna barabara ndefu na lugha asiyoifahamu. Huwezi kumwambia kwamba alipaswa kujua kwa sababu tu kuna mtu Aachen anayejua. Lakini mimi niliijua hiyo lugha. Wajibu wa kujua unamkalia yule ambaye ujuzi uko karibu naye, na pale Litein, aliyekuwa karibu alikuwa mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri nilipobeba laptopu kwenda karakana.

*

"Anko," nikamwambia, "hapa palipo pekundu ndipo paliganda mwisho."

Akaivuta laptopu, kisha akaisukuma mbali kidogo, macho yake hayaoni karibu siku hizi. Akatazama kwa muda mrefu.

"Na hiyo unaniambia mimi?"

"Ulikuwa unajua?"

"Kijana, kitovu ndicho hulala mwisho. Siku zote. Ndiyo maana tunakiwekea kichwa kikubwa."

Kichwa ni ule mnara wa metali unaoachiwa juu ya sehemu nene. Unaufanya mnene kuliko kitovu chenyewe ili wenyewe ndio ugande mwisho. Kitovu kinaposinyaa kinakunywa kutoka kwenye kichwa, shimo linapanda juu, linaishia kichwani. Kesho yake unakikata kichwa kwa msumeno na kukirudisha chunguni. Vitabu vya chuo vina sura nzima juu ya jambo hili. Anko alilijifunza kwa kuharibu.

"Sasa kichwa cha hii kilienda wapi?"

Akanyamaza. Akachukua kijiti akaanza kuchokora mchanga. Halafu akasema, bila hasira, "Si ni wewe uliniambia nitafute njia."

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mpaka sasa nimekizungukazunguka. Mwenye poshomili alikuja kupitia kwangu. Puli mpya ya dukani Kericho ilikuwa ghali kwake, nikamwambia anko wangu anatengeneza. Anko alisema shilingi 2,800. Mwenye kinu akasema 2,000, zaidi hana. Mimi ndiye niliyekaa katikati na simu. Nilimwambia anko, nayakumbuka maneno, "Anko, tafuta njia, huyu ni mteja mzuri, atarudi." Na katika hizo 2,000 nilitoa 300 za usumbufu wangu. Zikabaki 1,700. Skrepu iliyokuwapo siku ile ilitosha puli na kichwa kidogo tu. Cha ukubwa unaofaa kingehitaji kilo moja na nusu zaidi, na makaa ya kuiyeyusha. Metali ya kichwa huwa inarudi chunguni, kweli, lakini lazima uwe nayo kwanza.

Anko akatafuta njia. Njia ilikuwa kichwa kifupi.

Nikarudi kuitazama picha yangu nzuri. Kila kitu ndani yake kilikuwa sahihi, na hapakuwa na 1,700 popote. Hapakuwa na simu yangu.

*

Mtu yeyote aliyewahi kuandaa kazi ya namna hii anajua kwamba sehemu ngumu si ile ya kubonyeza na kusubiri. Ngumu ni kuamua mwanzoni dunia yako inaishia wapi. Huwezi kuchora Litein yote. Unachora puli, unachora mchanga kiasi, halafu unapiga mstari: hapa ndipo mwisho. Kwenye mstari huo unaandika kile ambacho wahandisi hukiita masharti ya mpaka. Mimi niliandika kwamba hewa ya nje ina nyuzi 20, na itabaki nyuzi 20 hata iweje.

Fikiria maana ya sentensi hiyo. Metali inatema joto kwa mchanga, mchanga unatema kwa hewa, na hewa inapokea yote bila kubadilika. Haipati joto. Haichoki. Haisemi basi. Ni kitu kinachobeba kila unachokitupa nje ya mchoro na kubaki vilevile, kwa sababu wewe umeandika kwamba kitabaki vilevile.

Kwa puli moja katika uwanja wazi, hilo ni kweli kiasi cha kutosha. Lakini nilipokuwa nashusha bei kwa simu, nami nilikuwa nimepiga mstari. Ndani ya mstari kulikuwa na mteja, 2,000, na 300 zangu. Nje yake nilimweka anko, kana kwamba ni hewa: atapokea punguzo na kubaki vilevile, atatoa puli ileile. Na mbali zaidi, nje hata ya mawazo yangu, alisimama kijana akimimina mahindi.

Nadhani makosa mengi ya watu wenye akili huwa na sura hii. Hesabu ya ndani huwa ni sahihi. Kinachokosewa ni mahali pa kupiga mstari, na mstari haukaguliwi na mtu kwa sababu uliwekwa kabla hesabu haijaanza.

Hii ni nchi ya mistari. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza miaka ya 1920, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Laibon. Watu wa ukoo wa Talai wakahamishwa kwa nguvu kutoka huku hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Kwa aliyekuwa akihesabu ekari, Gwassi ilikuwa nje ya karatasi. Watu wangepokelewa huko na hesabu ya huku ingeendelea.

Au tazama karibu zaidi. Mashine za kuchuma chai zimeingia, na anayezinunua ana hesabu yake: kilo kwa siku, mafuta, mshahara uliookolewa. Siwezi kusema hesabu hiyo ni ya uongo. Gharama ya kuchuma kwa mkono, majani mawili na chipukizi, ni kubwa kweli, na bei ya mnada Mombasa haipangwi na mchumaji. Lakini ndani ya hesabu hiyo mchumaji anayeachishwa kazi anatoka nje ya mstari, na ukishatoka nje ya mstari unahesabiwa kuwa hewa ya nyuzi 20. Utaenda mahali. Utapata kitu. Mei 2023 watu waliingia katika shamba moja Kericho wakachoma mashine hizo, na katika vurugu zile mtu akapoteza maisha. Sitetei moto. Nasema tu kwamba hewa ilikuwa imepata joto, na hakuna aliyekuwa ameweka kipimajoto upande huo.

*

Najua utaniuliza, sasa tufanyeje, tuchore dunia nzima? Swali ni la haki. Asiyepiga mstari hahesabu chochote. Ukimwambia anko afikirie kila mkono utakaowahi kukaribia puli zake, hatamwaga tena, na poshomili itasimama, na hilo nalo lina majeruhi wake. Mwenye kinu naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na 2,000. Hakuna anayeishi bila kuwaweka watu wengi nje ya hesabu yake ya leo.

Lakini hapa wahandisi wana tabia moja ambayo natamani tuiibe. Kazi ikiisha, kabla hujatazama doa jekundu katikati, unakwenda kutazama ukingoni. Unaangalia mchanga ulio mwisho kabisa wa mchoro wako. Kama umebaki baridi, mstari wako ulikuwa mbali vya kutosha, na unaweza kuliamini jibu. Kama umepata joto, basi umepiga mstari karibu mno. Kuna kitu nje ya mchoro kinachobeba mzigo ambao hukuuhesabu. Hurekebishi rangi. Unafuta mstari, unaupeleka mbali zaidi, unaanza upya.

Nilirudi kufanya hivyo, kwa uvivu wangu sikuwa nimefanya. Mchanga niliouchora ulikuwa mwembamba, na ukingoni ulikuwa umepanda nyuzi nyingi. Nikaupanua. Doa halikuhama, ila lilidumu muda mrefu zaidi. Mwanzoni nilikuwa nimejidanganya kwamba kitovu kilipoa haraka kuliko kilivyopoa.

Hilo ndilo ninaloweza kulitetea kama wajibu. Hatuwezi kumjua kila mtu tunayemgusa. Tunaweza kwenda ukingoni na kushika. Ukishusha bei, mpigie anayeibeba umuulize imetoka wapi, umetoa nini ili ifike hapo. Ukinunua mashine, nenda nyumbani kwa uliyemwachisha baada ya miezi mitatu. Kama pako baridi, endelea na hesabu yako kwa amani. Kama panaunguza, usiniambie kwamba hesabu ni sahihi. Najua ni sahihi.

Na kuhusu mimi na anko, nimeacha kutafuta mmoja wa kumtwisha kosa lote. Yeye alijua kuhusu shimo akakata kichwa. Mimi nilijua kuhusu kitovu nikanyamaza, na nilijua kuhusu bei kuliko mtu yeyote, maana niliishikilia pande zote mbili. Clifford alikuwa na mwenye meli mmoja. Sisi tulikuwa wawili, kila mmoja na nusu ya shaka, na hatukuziweka pamoja mezani.

Nilienda kumwona yule kijana. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, hata kwa ngumi. Alinikaribisha chai, akaimimina kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote, kichwa, bei, zile 300. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: puli nyingine itakuwa tayari lini? Kinu kimesimama tangu siku ile, na kinu kikisimama yeye halipwi.

Tulimwaga wiki iliyofuata. 2,800. Mwenye kinu alileta 2,000 tena, akasema hali ni ngumu, nami nikaongeza 800 bila kumwambia mtu ni kwa nini. Hazilipi mkono, hilo sihitaji kuambiwa. Anko aliminya mchanga kwenye kiganja, akanionyesha alama za vidole, akaweka kichwa kirefu kuliko nilivyowahi kuona. Asubuhi yake alikikata kwa msumeno. Katikati ya kile kichwa kulikuwa na shimo, kubwa, lenye kuta za kukwaruza, lilelile. Akakitazama kidogo, akakitupa chunguni pamoja na pistoni.